Saa Mkononi, Wimbo Mdomoni

Tangu Alphonce Simbu ashinde marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha jijini Tokyo, Septemba 15, 2025, naulizwa swali moja kila niendako: ninunue saa gani? Naulizwa ofisini, naulizwa msibani, na juzi nimeulizwa na konda wa daladala aliyeiona saa yangu nikimpa nauli. Nawaelewa. Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo iliamuliwa na kipimo ambacho jicho la mtu haliwezi kukiona. Aliyeshuhudia vile kwenye televisheni ana haki ya kuamini kwamba kukimbia na kupima ni kitu kimoja.

Mimi siamini hivyo, ingawa saa ninayo na sina mpango wa kuivua. Wiki chache zilizopita binti mmoja wa idara yetu, rika la mwanangu wa kwanza, alinionyesha picha za saa tatu kwenye simu yake. Ya bei nafuu kati ya hizo ingemmalizia karibu mshahara wa mwezi mzima. "Mama, nichagulie," alisema. Hakuwa amekimbia tangu amalize sekondari. Nilimwomba anipe siku mbili tatu, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilikuwa refu na linaanzia Morogoro.

Nilisoma shule ya msingi chini ya Milima ya Uluguru mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi ambazo hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto akimbie asubuhi. Giza likiwa bado halijaachia, tulipanga mistari ya wawili wawili, mwimbishaji pembeni na mwalimu wa zamu nyuma, tukatoka getini mpaka relini na kurudi. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha mwaka 1979, lakini Iddi Amin aliendelea kuzomewa kila alfajiri katika nyimbo zetu za mchakamchaka. Hatukujua tunakimbia kilomita ngapi. Hapakuwa na wa kwanza wala wa mwisho, maana mstari haukuruhusiwa kukatika. Kazi ya mwalimu ilikuwa kusikiliza wimbo. Kiitikio kikianza kupwaya kule nyuma kwa wadogo, alipiga filimbi, na waliokuwa mbele wakapunguza mwendo.

Miaka thelathini baadaye ndipo niliposoma kwamba makocha wa leo wanatumia kipimo hichohicho: katika mazoezi mepesi mkimbiaji aweze kusema sentensi nzima bila kuhema katikati. Msweden mmoja, Gunnar Borg, alitunga hata mizani ya kujikadiria, kuanzia 6 hadi 20, ambapo mtu hutaja tu namba inayolingana na jinsi kazi inavyomlemea. Kijana mwenye afya akizidisha namba hiyo kwa kumi anapata makadirio ya mapigo ya moyo wake. Wataalamu wa mazoezi wanaitumia hadi sasa. Kwa hiyo mwalimu wetu wa zamu, mwenye filimbi na sikio, alikuwa akipima shule nzima kwa wakati mmoja, na mtoto aliyechoka hakulazimika kutangaza kuwa amechoka.

Baada ya shule sikukimbia tena. Yakaja maisha ya kukaa: chuo, ofisi, foleni ya Barabara ya Morogoro, watoto. Nikiwa na miaka arobaini na mbili presha ikapanda, na daktari akanieleza, kwa upole kuliko nilivyotegemea, kwamba vidonge peke yake havitatosha. Nianze kutembea, halafu nikimbie kidogo kidogo.

Nilianza peke yangu alfajiri, nikitoka Kinondoni kuelekea ufukwe wa Coco, simu mkononi ikiwa na programu ya kuhesabu umbali. Nataka kuitendea haki ile programu. Wiki za mwanzo mwili haukuniambia neno lolote jema. Kifua kilichoma, magoti yalilalamika, na mama ntilie waliokuwa wakiwasha majiko walinisimamisha kwa wasiwasi: "Dada, kuna usalama lakini?" Mabadiliko yalikuwapo, ila madogo mno kwa mwili kuyahisi. Simu iliyaona. Ilinionyesha kwamba kilomita iliyokuwa ikinichukua dakika kumi sasa inachukua tisa na nusu, na siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimenyooka mgongo. Anayeanza anahitaji shahidi wa namna hiyo, na ndiyo maana simkatazi mtu kifaa.

Lakini maendeleo ya mwanzo huwa ya haraka kwa karibu kila mtu, kisha yanafika mahali yakapungua. Namba zangu zilipoacha kushuka, nilianza kuamka nikijua kwamba kule mwisho wa barabara hakuna habari mpya inayonisubiri. Mvua za masika zikaingia. Siku nikaziacha, moja moja, mpaka wiki.

Kilichonirudisha barabarani ni kishindo. Jumapili moja, saa kumi na mbili asubuhi, watu wapata sitini walipita mtaani kwetu wakiwa na fulana za rangi moja, mwimbishaji mbele, pikapu nyuma ikibeba maji na spika. Dar es Salaam imejaa klabu za joging za namna hii, Temeke, Ilala, Mwananyamala, Mbagala, na asiyezijua anaweza kudhani ni maandamano. Nilisimama barazani nikiwa na khanga. Mama mmoja wa makamo, mwili wake mkubwa kuliko wangu, akanipungia mkono bila kuacha kuitikia. Jumapili iliyofuata walinikuta nimeshafunga kamba za raba.

Watu wengi waliozoea kuziona klabu hizi kwa mbali hawajui zilivyopangwa. Klabu yetu ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ina ada, ina daftari la mahudhurio, ina faini kwa asiyetoa taarifa. Tunakimbia, tunaingia uwanjani kufanya viungo, tunakunywa supu na chapati. Klabu moja huialika nyingine, na siku ya mwaliko mtaa mzima hutoka kuangalia. Mwendo ni wa wimbo, kama ulivyokuwa Morogoro. Kijana anayetaka kasi ana siku zake za katikati ya wiki. Njia ya Jumapili haikuchorwa kwa ajili ya umbali. Inapinda na kurudi, inaingia vichochoro ambavyo mkimbiaji wa peke yake asingeviingia, kwa sababu inawapitia wanawake majumbani mwao wakati bado ni giza. Mwanamke wa klabu yetu hakimbii hatua hata moja peke yake kabla ya kupambazuka. Hakuna mtengenezaji wa vifaa aliyewahi kuniuzia kitu chenye thamani hiyo.

Nilipofiwa na mama yangu, klabu ilikodi Coaster mpaka Morogoro. Walifika na fulana zao, wakachota maji, wakapika, wakakaa na wazee wangu kana kwamba wanafahamiana miaka mingi. Jumapili ya kwanza baada ya arobaini sikuwa na nguvu hata ya kutoka kitandani. Wimbo ukapita dirishani, ukasimama, haukuendelea. Nikavaa raba nikatoka.

Nimesikia watu wakiizungumzia hamasa kama kitu ambacho mtu ama anacho ama hana, na wale wasio nayo hujiona wavivu. Nilichokiona klabuni kinanifanya niamini kwamba hamasa inawekezwa kwa wenzako kama fedha za kibati: wiki ambayo yako imeisha unachukua ya mwingine, na zamu yako ikifika unatoa. Nimewahi kusimama mimi chini ya dirisha la mtu na kuimba mpaka taa ikawaka.

Saa yenyewe niliipata baadaye, kwa ndugu aliyekuja likizo kutoka Uingereza. Nyuma ina taa za kijani zinazomulika ngozi. Damu hunyonya mwanga wa kijani, na kwa kuwa kiasi cha damu kwenye mishipa midogo hupanda na kushuka kwa kila pigo, saa huhesabu mapigo kwa kuangalia mwanga unaorudi. Nilivutiwa sana na akili iliyomo ndani yake, na bado navutiwa. Ila saa hii haikuridhika kuhesabu. Baada ya kila mazoezi ilitoa hukumu: uwezo wa mwili wako kutumia oksijeni umepanda, umebaki, umeshuka.

Desemba ikaingia na upepo wa kaskazi na lile joto la Dar linalokufanya ulowe jasho ukiwa umesimama. Hukumu zikaanza kushuka wiki baada ya wiki, katika kipindi ambacho nilikuwa nakimbia kwa uaminifu kuliko wakati wowote. Maelezo yake ni ya kawaida kabisa kwa anayejua mwili unavyofanya kazi. Kwenye joto, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili kupoza mwili; jasho nalo hupunguza maji yaliyomo katika damu; hivyo moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa mwendo uleule. Kasi iliyonitaka mapigo 145 mwezi wa saba ilitaka 160 mwezi wa kwanza. Zipo saa zinazozingatia hali ya hewa. Yangu haikuwa mojawapo, ikaona moyo unakwenda mbio ikasema nimedhoofika. Kipupwe kiliporudi, nilirudishiwa uwezo wangu wote bila kufanya jambo lolote la ziada. Nawaza ni watu wangapi wa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, wamewahi kukata tamaa mwezi wa pili kwa sababu ya hukumu kama ile, wakadhani ni umri.

Klabuni alikuwapo kijana fundi simu aliyenunua bangili ya kuhesabu hatua. Ilimtaka afikishe hatua 10,000 kila siku, na ilimhesabia siku mfululizo alizofanikiwa. Ile hesabu ya mfululizo ndiyo iliyomshika. Usiku mmoja mke wake alimpigia simu katibu: mume ana homa, anatetemeka, na bado anazunguka uani kumalizia hatua kabla ya saa sita. Asubuhi zahanati ilimkuta na malaria. Namba yenyewe aliyokuwa akiifukuzia haikutoka maabara. Ilianza Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, pamoja na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa kwa jina la hatua elfu kumi. Namba ilipendeza, ikabaki. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti juu ya wanawake wazee wa Marekani, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka sabini: waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na faida hiyo ilifika kikomo kwenye hatua kama 7,500. Nilipomsimulia fundi habari hiyo alikaa kimya, kisha akaniuliza kwa nini basi bangili haimwambii. Sikuwa na jibu zuri. Nafikiri kifaa kinachomtaka mtu kila siku bila siku ya mapumziko kinapaswa kuwa na kitufe cha ugonjwa, na kitufe hicho kiwe kikubwa.

Kisha Moshi. Mbio za Kilimanjaro zimekuwapo tangu 2003, na kila mwaka karibu na mwisho wa Februari mji ule hujaa watu wa raba. Klabu yetu ilipeleka kundi la kilomita 21, njia inayopanda barabara ya Mweka kabla ya kugeuka na kuteremka. Nilikuwa nimeazima mkanda wa kifuani, ambao hupokea umeme wa moyo wenyewe na ni wa kuaminika kuliko taa za mkononi. Saa nilikuwa nimeipangia mwendo wa dakika saba na nusu kwa kilomita. Mpango huo ulikufa mara tu mlima ulipoanza. Saa ikalia kwamba nakwenda polepole, na hapohapo ikalia kwamba moyo umepita kiwango chake cha juu. Kiwango hicho ilikuwa imekikokotoa kwa kanuni inayojulikana na wengi, 220 ukitoa umri, kanuni ambayo ni wastani tu. Watu wa umri mmoja hutofautiana kwa mapigo kumi na zaidi bila yeyote kuwa mgonjwa.

Pembeni yangu alikuwa akipanda mzee mmoja, mkono wake mtupu, raba zimeliwa visigino. Nikamsalimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

Nikamweleza. Akauliza ukoo. Nikamweleza. Akauliza watoto, akauliza bei ya mchele Dar es Salaam, akauliza kama nimewahi kula kitawa. Ilinichukua muda kutambua anachofanya. Majibu yangu yakiwa marefu, tulipanda kwa hatua zilezile. Yakiwa mafupi, alifupisha hatua zake. Mahali pamoja, nilipojibu kwa kichwa tu, alianza kutembea, nami nikatembea naye mpaka nikapata tena sauti. Tulifika juu tukiwa tunaongea. Nikaifunika saa kwa mkono wa fulana, na kule kuteremka katikati ya migomba na mibuni, watu wakipiga ngoma na kushangilia vibarazani, nilikimbia kwa furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu utotoni.

Mwisho wa njia saa ilisema 21.4. Vijana kadhaa walikuwa wakilalamika kwa waandaaji kwamba wameongezewa umbali, kila mmoja akinyoosha mkono kuonyesha kioo. Walikuwa wamechoka, na hakuna aliyewaeleza. Mbio zenye vipimo vya kimataifa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio gurudumuni, ikifuata mstari mfupi kuliko yote katika kila kona, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Mkimbiaji hapiti mstari huo. Anapanua kona, anavuka barabara kufuata maji, anampita mtu kwa nje. Tena saa yake inasikiliza setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 juu, na mawimbi yake hugonga majengo na kudhoofika chini ya miti. Pale Posta, katikati ya maghorofa, saa yangu imewahi kunichora nikikimbia juu ya maji ya bandari.

Jambo la mwisho nililojifunza nililipata kwa Eliud Kipchoge. Mtu aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, akiwa amezungukwa na teknolojia ya kila aina, ameandika mazoezi yake kwa kalamu kwenye madaftari kwa miaka mingi. Nami nilinunua kaunta buku. Ukurasa wa kwanza nimeandika muda mmoja usio wangu: 3:25:27. Ni muda wa Mtanzania John Stephen Akhwari katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, alipoanguka, goti likaumia, likafungwa bendeji, naye akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde. Kati ya 75 walioanza, kumi na nane hawakufika. Mkimbiaji wa kawaida wa leo akipata muda ule kwa magoti mazima atautangaza kwa ndugu zake wote. Nimeuandika pale kwa sababu ndani ya namba ile hakuna goti, hakuna giza lililokuwa limeanza kuingia, na hakuna nchi changa iliyokuwa imemtuma.

Kwa hiyo katika daftari naandika yale ambayo saa haiyajui: nimelala vipi, hali ya hewa, nimekimbia na nani. Binti aliponiuliza kuhusu saa, nilirudi nikayafungua madaftari yangu yote mezani. Miezi iliyojaa ni miezi yenye majina ya watu. Miezi niliyokuwa peke yangu ina kurasa nyeupe, hata ile ambayo nilikuwa na kifaa kipya.

Nilimjibu hivi. Saa isubiri. Aanze na raba, na za mitumba pale Karume zinafaa, mradi abonyeze soli kwa kidole gumba kuona kama bado inarudi na aangalie kama kisigino hakijaliwa upande mmoja. Jumapili aje klabuni. Akishaijua pumzi yake mwenyewe, pengine baada ya miezi mitatu au minne, anunue saa rahisi kabisa inayokubali mkanda wa kifuani, aipange imwonyeshe mapigo ya moyo tu, na aivae siku za mazoezi mepesi, kwa sababu vijana hukimbia siku nyepesi kwa nguvu na siku ngumu hawana kitu kilichobaki. Kazi hiyo, ya kumshika mtu mkono asizidishe, saa inaifanya vizuri.

Akaniambia kwamba katika zile tatu alikuwa ameipenda zaidi moja ya ghali, kwa sababu ina tochi. Mtaani kwao hakuna taa hata moja, na akitoka kazini ni usiku, akiamka mapema ni usiku vilevile. Nilikuwa nimemwandalia maelezo ya setilaiti na mapigo ya moyo, kumbe shida yake ilikuwa kuona mahali pa kukanyaga na kuonekana na bodaboda. Barabara nyingi za jiji hili hazina njia ya waenda kwa miguu, na zenye nayo zimeegeshwa magari. Tunawahimiza watu wakimbie kwa ajili ya presha na kisukari, tunawapa mabango na fulana, halafu tunawaachia mtaro na giza.

Katibu wetu ameandika barua kwa ofisi ya serikali ya mtaa wa binti huyo kuomba taa sita kati ya kwao na barabara kuu, na mwenyekiti wa klabu ameipeleka mwenyewe kwa mkono. Bado hatujajibiwa. Njia ya Jumapili imerefushwa ili ipite mlangoni kwake saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, na amepangiwa kusimama mstari wa nyuma, karibu nami, mahali ambapo wimbo husikika ukipwaya mapema.